Ulaya Ina Pesa na Sheria, Mafundi Je?

Wanachuo wenzangu, muhula huu nimeulizwa swali moja mara nyingi, hasa na wenzetu wa uchumi na sheria: hivi nyie watu wa ujenzi mnasoma habari za majengo ya Ulaya ili iweje? Kule kuna baridi, huku tunachemka. Kule wanaongeza joto ndani ya nyumba, huku tunatafuta namna ya kulitoa. Swali ni la haki kabisa, na makala hii ni jaribio la kulijibu. Nitaanza na takwimu kidogo, kisha fizikia ya Kidato cha Tatu, halafu nifike kwa mafundi. Hapo ndo kuna kizaazaa, na hapo ndipo sisi tunaguswa moja kwa moja.

Oktoba 2020 Tume ya Ulaya ilitangaza mkakati iliouita Wimbi la Ukarabati. Hoja yake ilikuwa rahisi. Majengo ndiyo yanayokula karibu asilimia 40 ya nishati yote inayotumika katika Umoja wa Ulaya, na yanachangia asilimia 36 ya hewa chafu inayotokana na nishati. Takriban robo tatu ya majengo hayo yanavuja joto kama chujio. Na jambo ambalo watu wengi hawalifikirii ni hili: kati ya asilimia 85 na 95 ya majengo yaliyosimama leo yatakuwa bado yamesimama mwaka 2050. Kwa hiyo hata kila nyumba mpya ikijengwa vizuri kuanzia kesho, tatizo linabaki palepale. Dawa ni kurekebisha zile za zamani. Lengo lilikuwa kukarabati majengo milioni 35 ifikapo 2030, wakati kasi ya ukarabati ilikuwa asilimia moja tu ya majengo kwa mwaka, na ule ukarabati wa kina unaopunguza matumizi kwa zaidi ya nusu ulikuwa asilimia 0.2. Mkakati ukakadiria kwamba sekta ya ujenzi ingepata ajira mpya za kijani hadi 160,000.

Mwaka 2024 ikaja sheria yenye meno zaidi, yaani maelekezo mapya ya utendaji wa nishati wa majengo. Kila nchi mwanachama inatakiwa kupunguza wastani wa nishati inayotumika katika nyumba za makazi kwa asilimia 16 ifikapo 2030, na kwa asilimia 20 hadi 22 ifikapo 2035. Tena, sehemu kubwa ya upungufu huo, asilimia 55, lazima itoke kwenye yale majengo mabovu kuliko yote. Kipengele hicho kina sababu yake. Bila hicho serikali zingekimbilia nyumba za watu wenye uwezo, ambazo ni rahisi kukarabati, na kuwaacha wenye madirisha ya kioo kimoja wakitetemeka. Nao si wachache. Mwaka 2023, asilimia 10.6 ya wakazi wa Umoja wa Ulaya walisema hawana uwezo wa kupasha nyumba zao joto la kutosha. Hapo namaanisha wakazi wa Ulaya, bara ambalo wengi wetu tunalifikiria kama mahali ambapo hakuna mtu anayelala na koti.

Sasa tuingie darasani. Msomaji wa fani nyingine asiogope, ni kuzidisha tu.

Joto linalopita ukutani kwa sekunde linapatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: eneo la ukuta, tofauti ya joto kati ya ndani na nje, na thamani ya U, ambayo ni kipimo cha jinsi ukuta unavyopitisha joto. U ikiwa kubwa, ukuta unavuja. Chukua nyumba ya zamani yenye ukuta wa tofali za kuchoma usio na kitu kingine. U yake ni kama 2. Kuta za nje zina jumla ya mita za mraba 80. Ndani nyuzi 20, nje sifuri. Mara moja unapata 80 × 2 × 20, yaani wati 3,200. Ni kama kuwasha pasi tatu mchana na usiku ili kufidia kinachopotea kwenye kuta tu, hatujagusa paa, sakafu wala madirisha. Kwa siku ni karibu kilowati-saa 77.

Bandika sasa sentimita 10 za pamba ya madini nje ya ukuta huohuo, kisha piga lipu juu yake. U inashuka hadi 0.3 hivi. Fanya hesabu tena: wati 480. Kwa siku ni kilowati-saa 11 na nusu. Umeokoa asilimia 85 kwa sentimita kumi za kitu kinachofanana na sufi ya godoro.

Ukiiona hesabu hii kwa mara ya kwanza unajiuliza, sasa shida iko wapi? Nunua pamba, bandika, kwisha kazi. Mwaka 1991 kule Darmstadt, Ujerumani, Wolfgang Feist na wenzake walikamilisha nyumba iliyohitaji kilowati-saa zisizozidi 15 za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka mzima, wakati nyumba za kawaida za zamani zilikuwa zinakula zaidi ya mara kumi ya hapo. Zaidi ya miaka thelathini imepita. Elimu ipo, vifaa vipo, fomula tumeiandika hapo juu kwa mstari mmoja.

Shida iko kwenye maji.

Toa chupa ya soda kwenye friji mchana wa Dar, iweke mezani. Dakika mbili inatoka jasho. Soda haivuji, ni mvuke uliomo hewani umekutana na kitu cha baridi ukageuka maji. Nyumba ya Ulaya wakati wa baridi ni hivyohivyo. Watu wanapumua, wanapika, wanaoga, wanaanika nguo ndani kwa sababu nje hazikauki. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 ikigusa sehemu yenye nyuzi 12, inaacha maji hapo. Kuvu hata haisubiri hadi maji yaonekane, inaanza kuota mapema zaidi, pale unyevu unapokuwa mkubwa juu ya uso wa ukuta.

Fundi aliyefunika ukuta wote vizuri lakini akaacha upenyo wa vidole viwili kuzunguka dirisha, au akaishia juu ya msingi badala ya kushuka kidogo, au hakufunika pale ukuta unapokutana na paa, ametengeneza chupa ya soda. Sehemu yote ya ukuta imepata joto isipokuwa mstari ule mmoja. Unyevu wote wa nyumba unakimbilia pale. Na kama kwenye kazi hiyohiyo alibadilisha madirisha yaliyokuwa yanapitisha upepo akaweka yanayobana kabisa, bila kuweka njia ya hewa kutoka, basi ameziba pua ya nyumba. Miezi mitatu baadaye pembe ya chumba cha mtoto ni nyeusi.

Kuhami kwa ndani ni kugumu zaidi. Nyumba nyingi za kihistoria haziruhusiwi kuguswa kwa nje, kwa hiyo kihami joto kinawekwa upande wa chumbani. Ukifanya hivyo, tofali zenyewe zinapoa kuliko zamani, kwa sababu joto la ndani haliwafikii tena. Mvuke ukipenya nyuma ya pamba kupitia tundu la swichi ya umeme ambalo mtu hakuliziba, unagandia kwenye tofali, gizani, mahali ambapo hakuna anayeona mpaka boriti ioze. Fundi umeme hajui kwamba tundu lake limeharibu kazi ya fundi lipu. Kila mmoja kwa ujuzi wake amefanya sawa, na nyumba imeharibika. Ndo maana nyumba zilizojengwa kwa kiwango kile cha Darmstadt hupimwa kwa feni: wanaifunga mlangoni, wanaivuta hewa hadi tofauti ya paskali 50, na hewa inayopenya kwa saa moja haitakiwi kuzidi asilimia 60 ya ujazo wa nyumba. Kipimo hicho hakijali nani ana digrii na nani ana mwiko. Kinapima kazi ya wote kwa pamoja.

Nimekaa sana kwenye jambo hili kwa sababu bila kulielewa, yaliyotokea Uingereza yanaonekana kama uzembe wa kawaida tu. (Najua, Uingereza imeshatoka kwenye Umoja. Nyumba zake hazijatoka kwenye baridi.)

Septemba 2020 serikali ya Uingereza ilifungua mpango wa vocha. Mwenye nyumba anapewa hadi pauni 5,000, mwenye kipato kidogo hadi 10,000, aite fundi aliyesajiliwa, nyumba ifungwe kihami joto au pampu ya joto. Bajeti pauni bilioni 1.5, lengo nyumba 600,000, na ajira zaidi ya 82,000 ndani ya miezi sita. Mpango ulisukwa kwa wiki kumi na mbili. Mwisho wa Machi 2021 ukafungwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo alipoukagua, alikadiria kwamba ungeishia nyumba kama 47,500 na ajira zisizozidi 5,600 kwa mwaka. Sababu mojawapo kubwa: waombaji walikuwepo, pesa zilikuwepo, mafundi wenye usajili hawakutosha. Na utamlaumu vipi fundi? Huwezi kumwambia mtu aache kazi zake, alipe ada ya mafunzo, anunue vifaa, asajiliwe, kwa mpango unaotarajiwa kudumu miezi sita. Mtu mzima mwenye familia anapiga hesabu yake, anaona bora aendelee kupaka rangi.

Hilo lilikuwa tatizo la uhaba. Lililofuata lilikuwa baya zaidi. Chini ya mipango mingine miwili iliyolipiwa na makampuni ya nishati, na iliyolenga hasa kaya maskini, maelfu ya nyumba zilifungwa kihami joto bure. Oktoba 2025 Mkaguzi Mkuu huyohuyo akatoa taarifa. Kwa nyumba zilizohamiwa kwa nje, asilimia 98 zilikutwa na kasoro kubwa zinazotakiwa kurekebishwa. Rudia kusoma tarakimu hiyo. Ni kati ya nyumba 22,000 na 23,000. Zile za ndani, asilimia 29. Taarifa ilitaja wafanyakazi wasio na ujuzi wa kutosha, kazi kupitishwa kwa wakandarasi wadogo wasio na vyeti, utata kuhusu viwango, na watu waliokata kona makusudi. Sisi tuna neno moja zuri kwa hao wa mwisho: vishoka.

Na viwango vilikuwepo, tangu 2019, vya maandishi, vya kina. Mtu aliyeviandika alijua kila kitu nilichoeleza hapo juu kuhusu chupa ya soda. Maarifa yake yalibaki kwenye karatasi, hayakushuka hadi kwenye mkono wa kijana aliye juu ya jukwaa la mabomba Januari, vidole vimekufa ganzi, anayelipwa kwa mita na sio kwa ubora. Na aliyelala na kuvu ni bibi ambaye aliambiwa anasaidiwa.

Italia walipita njia nyingine. Mwaka 2020 walianzisha nafuu ya kodi ya asilimia 110: ukikarabati nyumba yako, serikali inakurudishia gharama yote na nyongeza juu. Ilikuja kugharimu zaidi ya yuro bilioni 120 kwa takriban majengo laki tano. Bei za vifaa zikapaa, na udanganyifu ukawa mwingi. Mteja ambaye halipi hana sababu ya kuuliza bei, wala ya kukagua kazi. Sina la kuongeza hapo.

Kwa hiyo Ulaya inafundishaje mafundi wake? Jibu la kwanza ni kwamba mfundishaji ni nani hasa, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 ya kampuni za ujenzi kule zina wafanyakazi chini ya kumi. Mimi nilidhani ni makampuni makubwa yenye helmeti za rangi moja. Kumbe ni baba, shemeji, kijana mmoja na gari dogo. Kampuni ya watu wanne ikimpeleka mmoja kozini wiki mbili, imepoteza robo ya nguvu kazi, na mwenye kampuni hajui kama mteja wa kesho atauliza cheti hicho. Tangu 2011 Umoja wa Ulaya una mpango uitwao BUILD UP Skills ambao ulianza kwa kuzitaka nchi zikae chini, zihesabu mafundi gani zinao na gani hazina, kisha zipange mafunzo. Kuhesabu tu, lakini kwa kweli nchi nyingi hazikuwahi kufanya hivyo. Ireland, iliyojiwekea lengo la kukarabati nyumba 500,000 ifikapo 2030, imeanzisha vituo vya mafunzo ya ukarabati ambako mafundi wanasoma bila kulipa ada.

Jibu la pili ni kuhamisha kazi kutoka jukwaani kwenda kiwandani. Uholanzi, mpango wa Energiesprong ulioanza 2010 unapima nyumba kwa leza, unatengeneza uso mzima wa ukuta kiwandani, madirisha yakiwa yameshafungwa, kisha unaubandika kwa muda mfupi huku wenye nyumba wakiendelea kuishi ndani. Mfano unaonifurahisha zaidi uko Tallinn, Estonia, na unatuhusu wanafunzi: chuo kikuu cha teknolojia cha kule kilichukua bweni lake la zamani la ghorofa tano, la zege la vipande enzi za Usovieti, kikalivalisha paneli za mbao zilizotengenezwa kiwandani zikiwa na kihami joto ndani. Bweni likawa maabara. Wanafunzi walisoma kuhusu mvuke na paskali huku wakiishi ndani ya jibu.

Kiwanda kinasaidia kwa sababu seremala aliye mezani, mahali pakavu, anakosea kidogo kuliko aliye juu ya jukwaa kwenye mvua. Pia, na hili ni muhimu, kinafungua mlango kwa watu ambao jukwaa liliwafungia. Wanawake ni karibu asilimia 10 tu ya wafanyakazi wa ujenzi katika Umoja wa Ulaya, na wengi wao wako ofisini. Sekta inayolia haina watu imefanya kazi bila nusu ya watu. Ukiuliza sababu utaambiwa nguvu za mwili. Bunda la pamba ya madini ni jepesi kuliko ndoo ya maji ambayo dada zetu wengi wameibeba kichwani tangu darasa la pili, kwa hiyo hoja hiyo tuiache. Sababu zinazoonekana ni saa za kazi, choo kinachofungika, na lugha za matusi kazini.

Neno "jumuishi" linatumika sana kwenye nyaraka hizi za Ulaya, na mwanzoni nililiona kama pambo. Nimebadili msimamo baada ya kusoma habari za jengo moja.

Grenfell Tower lilikuwa jengo la makazi la ghorofa 24 magharibi mwa London, lenye ngazi moja. Kati ya 2012 na 2016 lilifanyiwa ukarabati, na miongoni mwa malengo yake ilikuwa kulifanya litunze joto. Likafungwa kihami joto cha povu, juu yake mabamba ya alumini yenye moyo wa poliethilini. Poliethilini ni plastiki. Kwa lugha ya jikoni, ni mafuta yaliyogandishwa. Tarehe 14 Juni 2017 friji ilishika moto katika jiko la ghorofa ya nne. Moto ulitoka dirishani, ukapanda kwenye mabamba, ukalizunguka jengo. Watu 72 walikufa. Wengi walikuwa wahamiaji na watoto wa wahamiaji, wakiwemo watu kutoka Eritrea, Ethiopia na Sudan. Wakazi waliambiwa wabaki ndani, na hakukuwa na mpango wa kuwatoa wasioweza kushuka ngazi. Kati ya wakazi 37 wenye ulemavu, 15 walikufa. Septemba 2024 tume ya uchunguzi chini ya Sir Martin Moore-Bick ilimaliza kazi na kusema vifo vyote vingeweza kuepukwa. Iliwagusa watengenezaji waliouza wakijua, wasanifu, wakandarasi, wasimamizi, serikali. Wakazi walikuwa wamelalamika kuhusu usalama wa moto kabla, na hawakusikilizwa.

Kwa hesabu yetu ya U, ukuta wa Grenfell ulifaulu. Ndiyo maana siipendi tena hesabu ile ikisimama peke yake. Mtu aliyefundishwa kuhami joto bila kufundishwa moto ni hatari kuliko asiyefundishwa kabisa, kwa sababu anaaminiwa. Na jengo linalotunza joto huku mama mwenye kiti cha magurudumu hawezi kutoka si jengo zuri lenye kasoro moja. Maelekezo ya 2024 sasa yanazitaka nchi, jengo likifanyiwa ukarabati mkubwa, ziangalie pia usalama wa moto, asbesto, afya ya hewa ya ndani na ufikikaji kwa watu wenye ulemavu. Jukwaa likishasimama na mafundi wako pale, kuongeza lifti au kuondoa kizingiti ni nafuu kuliko kurudi miaka kumi baadaye.

Upande mwingine wa ujumuishi ni kodi ya pango. Hapa wenzetu wa sheria wanisikilize. Ujerumani, mwenye nyumba akiboresha jengo anaruhusiwa kuongeza kwenye kodi ya mwaka asilimia 8 ya gharama za uboreshaji (kabla ya 2019 ilikuwa 11), ila nyongeza isizidi yuro 3 kwa mita ya mraba kwa mwezi ndani ya miaka sita, au 2 kama kodi ya awali ilikuwa chini ya 7. Tufanye mfano wangu mwenyewe: nyumba ya mita 60, kodi ya juu kidogo, uboreshaji umegharimu yuro 30,000. Asilimia 8 ni 2,400 kwa mwaka, yaani 200 kwa mwezi. Kikomo kinaishusha hadi 180. Tuseme ukarabati umeokoa kilowati-saa 100 kwa kila mita, jumla 6,000 kwa mwaka, kwa senti 10 kila moja. Mpangaji ameokoa yuro 600 kwa mwaka, yaani 50 kwa mwezi. Amelipa 180, ameokoa 50. Na baada ya miaka kama 14 gharama yote imesharudi, kodi haishuki. Sasa muulize mpangaji huyo kama anapenda mazingira. Haulizwi, anahama, na nyumba iliyokarabatiwa kwa jina la maskini inapangishwa kwa asiye maskini.

Inawezekana kufanya tofauti. Bordeaux, Ufaransa, kwenye mtaa wa Grand Parc, kulikuwa na majengo matatu ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530 za watu wa kipato cha chini. Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na Frédéric Druot na Christophe Hutin, walikataa kubomoa na walikataa kumhamisha mtu. Waliongeza mbele ya kila nyumba ukumbi wa vioo wenye kina cha mita 3.8, kwa vipande vya zege vilivyoletwa tayari na kunyanyuliwa kwa kreni. Ukumbi huo wakati wa baridi unakusanya jua na kuwa koti la nyumba. Wakati wa joto unafunguliwa. Familia zilibaki ndani muda wote, lifti na mabafu yakafanywa upya. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Mies van der Rohe mwaka 2019, na Lacaton na Vassal wakapewa Pritzker mwaka 2021. Watu hawa wawili walianza pamoja na kibanda cha majani kule Niamey, Niger, ambako Vassal aliishi miaka ya 1980. Wenyewe husema jangwa liliwafundisha kufanya mengi kwa vichache. Kwa hiyo elimu haisafiri upande mmoja tu, hata kama mitaala yetu inadhani hivyo.

Turudi kwa aliyeuliza swali. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi, na tangu Juni mwaka huohuo Ujerumani ina kadi ya fursa inayomruhusu mwenye sifa kuingia kutafuta kazi kwa mfumo wa pointi. Kila kundi la WhatsApp la wahitimu lina tangazo la aina hiyo, mengine ya kweli, mengine ya matapeli. Ninachokiona ni wenzetu wenye digrii wakipanga kwenda kuwa wahandisi, wakati pengo kubwa kule ni la mikono: wa kuhami, wa paa, wa pampu za joto, wa umeme. Na kule kwa kazi hizo hawaulizi digrii, wanaulizia mafunzo ya ufundi ya miaka kama miwili hivi yenye cheti kinachotambulika. Fundi wa Buguruni mwenye miaka kumi na tano ya kupiga lipu iliyonyooka kama kioo hana karatasi hiyo. Mwenye karatasi ya chuo hajawahi kushika mwiko. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa fundi aliyejifunza mtaani, wanampima kwa kazi yake na kumpa cheti. Ni utaratibu mzuri, na ni wachache mno mtaani waliousikia. Hapo kuna kazi ya wanafunzi wa uandishi wa habari kama wanatafuta mada ya utafiti.

Kwa upande wetu nina ombi kwa kamati ya taaluma ya serikali ya wanafunzi. Karakana ya idara inafungwa Ijumaa saa kumi jioni, na Jumamosi inakaa tupu. Tuombe ifunguliwe. Tujenge ukuta mmoja wa mfano, mita mbili kwa mbili, wenye dirisha, swichi na kona. Tuwaite mafundi wawili watatu wa jirani, walipwe posho kama mgeni yeyote anayekuja kutufundisha, na mwanafunzi aliyechora afunge mwenyewe alichochora, fundi akiwa msimamizi. Tukishamaliza tuufungie kwenye boksi lenye friji upande mmoja na birika la maji ya moto upande wa pili, tuuache usiku mzima, asubuhi tuangalie maji yametokea wapi. Kihami joto sio lazima kiwe cha Ulaya, hata pumba za mpunga na makumbi ya nazi tujaribu. Friji mbovu ipo tayari nyuma ya kantini. Wa idara ya umeme wameshasema wanaweza kuifufua.